Uchoshi Ndani ya Eda

Nilipofiwa na mume wangu, Allah amrehemu, nilifundishwa mengi ndani ya siku tatu za mwanzo: namna ya kuvaa, nani aingie chumbani na nani aishie ukumbini, dua za kumwombea marehemu, na hesabu ya siku zangu. Jambo ambalo hakuna mwanamke hata mmoja aliyenitajia, wala mama zangu wadogo, wala mashoga zangu waliokwisha kukaa eda, wala wale waliojaa nyumba yetu ya Ngamiani hapa Tanga kwa ajili ya hitima, ni kwamba watu wakishaondoka ningechoshwa. Huzuni niliitarajia na ilikuja. Ninalosema hapa ni ule uchoshi wa mtu aliyekaa bila la kufanya, anayeitazama saa ya ukutani na kuona ni saa nne na dakika ishirini, akajishughulisha na hili na lile kwa muda anaoudhani mrefu, kisha akaitazama tena na kukuta ni saa nne na dakika ishirini na tano. Naandika kwa ajili ya wanawake watakaoingia eda baada yangu, na kwa jamaa zao pia, kwa kuwa sehemu kubwa ya tabu niliyoipata ingeweza kupunguzwa.

Kwa asiyejua, eda ya mjane imetajwa katika Qur'ani, sura ya al-Baqara, aya ya 234, kuwa ni miezi minne na siku kumi. Miezi hiyo huhesabiwa kwa mwandamo, na kifo kikitokea katikati ya mwezi wengi huhesabu siku 130. Mjane mwenye mimba eda yake humalizika anapojifungua. Katika muda huo mwanamke huacha manukato, wanja, hina na mapambo, na hulala katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe. Juu ya sheria hiyo watu wameongeza mila, na mila hizo ndizo zilizonibana kuliko sheria yenyewe. Niliambiwa nisijitazame kwenye kioo, nisizungumze kwa sauti inayofika barazani, nisikae uani na nisishike simu. Mwezi wa kwanza niliyafuata yote bila kuuliza, maana aliyefiwa huogopa kukosea mbele ya wakubwa.

Baadaye mkamwana wangu alimwita shehe wa msikiti wetu, akakaa ukumbini nami nikiwa nyuma ya pazia, tukamwuliza jambo moja baada ya jingine huku mjukuu wangu akiandika majibu katika daftari la shule. Alisema uani ni sehemu ya nyumba yangu, kioo hakina katazo, simu haina katazo, na kwamba wanazuoni wengi wanamruhusu mjane kutoka mchana kwa haja ya kweli, kama matibabu au riziki, mradi usiku alale nyumbani kwake. Ningemshauri kila mjane afanye mazungumzo hayo katika wiki ya kwanza, na majibu yaandikwe, kwa sababu shangazi mpya atakayefika kutoka Muheza na katazo lake jipya ni rahisi kumwonyesha daftari kuliko kubishana naye.

Kila aliyenikuta nimekaa kimya aliita hali yangu huzuni, nami nikaamini. Lakini kulikuwa na mambo yasiyofanana na huzuni. Nilipiga miayo katikati ya dua. Nilizungusha tasbihi huku nikiwaza bei ya bamia. Mara moja nilijikuta nikitamani mgonjwa wa jirani azidiwe, ili kuwe na pilikapilika mtaani nizisikie kupitia dirishani, na wazo hilo lilinitisha hata nikamwambia binti wa dada yangu, anayesomea saikolojia chuoni. Nilidhani atanikemea. Badala yake alinieleza kuwa mwaka 2012 mtaalamu mmoja wa Kanada, John Eastwood, pamoja na wenzake, walitoa maelezo ya uchoshi ambayo wengi katika fani hiyo wanayatumia: kwamba ni hali isiyopendeza ya kutaka kushughulika na jambo la kuridhisha huku mtu akishindwa kushughulika nalo. Umakini upo, nia ipo, lakini havipati pa kushika.

Maelezo hayo yalinisaidia kutenganisha mambo ambayo nilikuwa nikiyabeba kwa pamoja. Huzuni yangu ilimtaka mtu mmoja, na nilijua kwamba harudi. Uchoshi ulitaka chochote kile, bila kujua ni kipi. Huzuni ilikuja usiku, nilipogeuka kitandani. Uchoshi ulikuja mchana kweupe, nyumba ikiwa imefagiwa na watoto wakiwa shuleni. Tena kuna hali ya tatu, sonona, ambayo ni ugonjwa: mtu hataki chochote, hata kile alichokuwa akikipenda, usingizi na hamu ya kula vinavurugika, na siku zinapita akiwa hivyo hivyo. Mjane anayekaa katika hali hiyo kwa wiki mbili apelekwe hospitali, na eda isitumiwe kuwa kisingizio cha kumfungia ndani, kwa kuwa matibabu ni katika haja zinazomtoa.

Baada ya kujua kwamba ule ni uchoshi, nilianza kuchunguza unakuja saa ngapi, na nikaona una nidhamu kuliko nilivyodhani. Alfajiri haukuwepo. Baada ya alasiri ulipungua, maana watoto walirudi na chakula cha jioni kikaanza kutayarishwa. Ulifika karibu saa nne asubuhi na kuniachia karibu saa nane. Sababu moja naifahamu kwa hesabu tu. Sala tano huigawa siku, na mtu asiyetoka nyumbani hana mgawanyo mwingine. Lakini kutoka alfajiri hadi adhuhuri ni zaidi ya saa saba, na hakuna pengo la mchana linalokaribia urefu huo. Kwa mtu wa kazi pengo hilo halionekani, kwa sababu ndiyo saa za kazi. Kwangu lilikuwa wazi kabisa.

Binti wa dada yangu alipoona maelezo yangu ya saa alicheka, kisha akanisomea habari za mtawa wa Kikristo aitwaye Evagrius, aliyeishi jangwani Misri katika karne ya nne na kufariki mwaka 399. Mtawa huyo aliandika kuhusu pepo anayemjia mtu aliyejitenga peke yake chumbani, akalifanya jua lionekane haliendi na siku ionekane ina saa hamsini, akamsukuma kutazama dirishani na kupima jua limebakiza kiasi gani kufika saa tisa, wakati wao wa kula. Pepo huyo, kwa maandishi yake, huanza saa nne na kumzingira mtu hadi saa nane. Wazungu wakisoma habari hizo hulazimika kubadili hesabu, kwa vile watu wa kale walihesabu saa kuanzia macheo. Mimi sikuhitaji kubadili chochote. Sikuchukua dini yake, lakini nilifarijika kwamba mtu aliyejifungia kwa ajili ya ibada, miaka zaidi ya 1,600 iliyopita, aliona aibu ileile niliyoiona, katika saa zilezile.

Kabla ya kufika hapo nilikuwa nimejaribu dawa ambazo kila mtu hujaribu. Ya kwanza, baada ya ruhusa ya shehe, ilikuwa simu. Nilianza na bando la shilingi 1,000 kwa siku, na baada ya muda likawa halinifikishi jioni, nikanunua la pili. Nilitazama video fupi fupi za mapishi, mawaidha, watu wanaoanguka, harusi za watu nisiowajua, na nikiona moja inachelewa kufika inapokwenda nairuka. Nilipoweka simu chini nilikuwa nimechoshwa kuliko nilipoishika. Nilidhani ni uzee, kumbe wapo waliolipima jambo hili. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Katy Tam na Michael Inzlicht, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa watu hutarajia kurukaruka kutoka video moja hadi nyingine kutawaondolea uchoshi, lakini walioruka walichoshwa zaidi kuliko waliotazama kitu kimoja bila kuruka. Tangu hapo niliweka sharti moja: nikifungua kitu, nakimaliza, au sikifungui. Matumizi ya bando yalipungua yenyewe.

Dawa ya pili ilikuwa kula. Sitaki kuizungumzia sana. Niseme tu kwamba chai ya maziwa na mkate wa kumimina saa nne, kila siku, kwa mtu asiyetembea, huonekana mwilini kabla eda haijaisha, na mwenye sukari au presha ahadhari mapema.

Ya tatu sikujua kuwa ni dawa. Nilianza kutafuta ugomvi. Siku moja nilimwambia mkamwana wangu kwamba mchuzi wake una chumvi nyingi, naye akajibu kwa adabu, «Samahani mama, nitarekebisha,» nami nikaendelea kumfuata na neno hadi akalia. Mchuzi ulikuwa sawa. Nilichotaka ni kitu kitokee ndani ya nyumba ile. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, na wenzake, waliwaacha watu chumbani peke yao kwa dakika 15, bila kitu ila mawazo yao na kitufe kinachompa mtu mshtuko wa umeme, mshtuko ambao tayari walikwisha kuuonja na kusema wangelipa fedha wasiupate tena. Wanaume 12 kati ya 18, na wanawake 6 kati ya 24, walijipiga shoti wenyewe. Niliposimuliwa hayo nilimwita mkamwana wangu nikamwomba radhi, na nikamweleza kuwa akiniona natafuta maneno saa nne asubuhi, aniulize kama nina kazi ya kufanya.

Wageni nao wanahitaji kusemwa. Wiki ya kwanza walikuwa wengi hata sikupata pa kuegemea. Baada ya arobaini walikuwa wawili watatu. Mwezi wa tatu mlango ulibaki kimya. Jamaa wangeweza kupanga zamu tangu mwanzo, mmoja Jumatatu, mwingine Alhamisi, na kila mmoja angekuwa wa manufaa mara kumi. Halafu wengi walikuja na mazungumzo yale yale: alianza kuumwa lini, alisema nini mwisho, Mungu amlaze pema. Nilisimulia kifo cha mume wangu hadi kikawa hadithi ninayoijua kwa moyo, na kusikia sauti yangu ikikisimulia bila kutetemeka kulinichosha na kuniumiza kwa pamoja. Aliyenifaa kuliko wote ni jirani mmoja ambaye hakuwahi kuniuliza habari hizo. Alikuja na ungo wa mchele anaotaka kuchambua, au kunde za kutoa maganda, akaketi, akanisogezea nusu yake. Tulizungumza tulipopata la kuzungumza. Kama unakwenda kumwona mjane baada ya arobaini, nenda na kazi.

Kuhusu shughuli, ushauri niliopewa na kila mtu ulikuwa mmoja: jishughulishe. Haukuniambia nijishughulishe na nini, na hapo ndipo penye jambo lenyewe. Nilianza na ukili, kwa kuwa nimeusuka tangu utotoni. Niliagiza ukindu, nikapaka rangi baadhi, nikasuka hadi nikapata wa mkeka mzima. Mikono ilifanya kazi, lakini akili haikuhusika, ikaendelea kuzunguka, kama kinu kinachotwangwa kitupu. Ukili ulinifaa jioni, nilipotaka kumkumbuka marehemu huku mikono ikiwa na pa kukaa. Saa nne asubuhi haukunisaidia kitu.

Katika kupanga vitu vya mume wangu tulikuta bao lake, na kete zake za komwe ndani ya mfuko wa kitambaa. Nilimwona akicheza barazani miaka mingi bila mimi kujifunza, maana ulikuwa mchezo wa wanaume na wakati wake wa kunitoroka. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na hizo za mkononi huziingiza moja moja katika hatua ya kunamua kabla ya kufika mtaji, ambapo kete zote ziko ubaoni na kila hatua huanzia huko. Nilijaribu kucheza peke yangu, pande zote mbili, nikashindwa kufuata hata mzunguko mmoja wa kete, nikalirudisha chini ya kitanda kwa hasira. Lilikuwa gumu mno, na jambo gumu mno huchosha sawasawa na jambo jepesi mno, ingawa linachosha kwa namna nyingine. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi aliandika tangu mwaka 1975 kwamba mtu huzama katika shughuli pale ugumu wake unapokaribiana na uwezo alionao. Uwezo ukizidi mno anachoshwa, ugumu ukizidi mno anahangaika. Ukili na bao vilinithibitishia pande zote mbili ndani ya wiki moja.

Kilichonikomboa ni mjukuu wangu wa darasa la sita, aliyekuwa likizo. Naye hakujua bao. Tukajifunza pamoja uani, kwanza kunamua tu, bila kujali nyumba, yaani lile shimo maalumu la kila mchezaji, wala kanuni za kutakata, yaani kucheza bila kula kete za mwenzio, kisha tukaongeza kanuni moja kila tulipoona tumeizoea ya nyuma. Alinishinda, nikamshinda, akanishinda tena akikimbia kumweleza mama yake. Kwa kuwa tulikuwa tunapanda pamoja, mchezo haukuwahi kuwa mwepesi wala haukutuvunja moyo. Shangazi wa marehemu alinuna, akasema mjane na bao wapi na wapi. Nilimwonyesha daftari, ambalo halikutaja bao hata kidogo, lakini hakulisoma hadi mwisho. Shule zilipofunguliwa nilibaki na tabia mpya: asubuhi, baada ya sala ya dhuha, napanga ubao kama tulivyouacha jana yake na kutafuta hatua nitakayomtegea akirudi. Mara nyingi niliinua kichwa kwa adhana ya adhuhuri.

Sala na kisomo havikuwa mbadala wa haya, na wala sitaki mtu aelewe hivyo. Lakini niseme kweli kwamba nilipokuwa nikisoma Qur'ani kwa ajili ya kupitisha muda, nilisoma kwa kukimbia, macho yakiwa kwenye saa. Nilipopunguza, nikaacha kusoma juzuu nzima kwa mkupuo na kuanza kuhifadhi aya chache pamoja na tafsiri yake, kisomo kikanidai akili yangu na si ulimi peke yake. Shehe aliniunga mkono katika hilo bila kusita.

Kuna gharama nyingine ambayo sikuiona inakuja. Kabla ya msiba nilikuwa nauza vitumbua asubuhi, na biashara ilisimama. Mkamwana wangu aliiendeleza kwa nusu ya kiwango, akapoteza wateja wengine waliozoea mkono wangu, na hilo lilikuwa la kuvumilika. Lakini mwezi wa tatu akaja mtu anayetaka kununua kiwanja chetu cha Pongwe. Nilijikuta nina furaha isiyo ya kawaida. Nilifurahia simu zake, hesabu zake, ujumbe wa kupandisha na kushusha bei, hata nikakaribia kukubali bei ya chini ili jambo lisogee. Mwanangu mkubwa aliniuliza, «Mama, fedha hizo unazihitajia nini?» nikakosa jibu. Hapo nikatambua kuwa nilikuwa nauza kiwanja ili niwe na la kufanya, tena mirathi ilikuwa haijagawanywa na warithi wengine walikuwa na haki zao. Tulimwambia mnunuzi asubiri hadi eda iishe na mirathi ifunguliwe. Hakusubiri. Naona ni afadhali.

Nikiitazama miezi ile sasa, jambo linanishangaza: sehemu ya mwanzo, iliyokuwa ndefu kuliko zote nilipokuwa ndani yake, naikumbuka fupi sana, na wiki za bao, ambazo zilikwenda mbio, nazikumbuka ndefu na zimejaa. Mwanasaikolojia wa Marekani, William James, alilieleza jambo hilo mwaka 1890, kwamba muda mtupu hurefuka unapopita na kufupika unapokumbukwa. Kwa mjane lina maana ya kivitendo. Asipime siku zake kwa namna anavyozihisi saa sita mchana, wala asiahidi wala kukataa lolote kubwa kwa kutegemea hisia ya saa hiyo.

Wifi yangu wa Pangani ameingia eda hivi karibuni. Nilimpelekea daftari la majibu ya shehe, nikapanga na jamaa zamu za kumtembelea hadi mwezi wa nne, na nikamfungia bao la kaka yake pamoja na kete. Alipokea daftari na zamu akashukuru. Bao alilirudisha na dereva wa basi, na ujumbe kwamba yeye hana subira ya kuhesabu komwe. Anataka kujifunza kushona kofia za mkono, jambo ambalo hajawahi kulijua na ambalo jirani wa nyumba ya pili kutoka kwake analijua vizuri. Nimemnunulia kitambaa, nyuzi na sindano hapa Ngamiani, na nimeongeza pakiti ya pili ya sindano, kwani anayejifunza huzivunja, na hatakuwa na ruhusa ya kutoka kwa ajili ya sindano.